Feri ipi ya kwenda Ufaransa na familia: Dover au Portsmouth? (Tunasafiri na bibi anayeogopa meli)

#1 BintiMkoani
Wakuu, habari za jioni. Tupo Leicester, tutakuwa watu sita: mimi, baba watoto, watoto watatu (mkubwa 11, mdogo 3) na mama yangu mzazi anayekuja Juni kututembelea kutoka Pemba. Agosti tumekodi hema kubwa kwenye kambi ya ufukweni Saint-Jean-de-Monts, pwani ya Vendée, magharibi mwa Ufaransa. Gari tunalo, la viti saba.

Kinachotugombanisha humu ndani ni kuvuka. Mume wangu anasema Dover mpaka Calais na yaishe, saa moja na nusu upo ng'ambo. Mimi nikitazama ramani naiona Calais ipo juu kabisa, na sisi tunakwenda chini kabisa. Halafu kuna mama. Tangu Spice Islander ilipozama Septemba 2011 hajakanyaga chombo cha baharini, akija Unguja anakuja kwa ndege. Amekubali safari hii kwa ajili ya wajukuu tu. Sitaki ateseke, wala sitaki akae njia nzima ameshika tasbihi moyo unamdunda.

Waliopita njia hizi na watoto na wazee, naombeni uzoefu wenu.

#2 DerevaWaLori
Dada, mumeo yupo sahihi. Mimi Dover ndiyo ofisi yangu. Faida yake kubwa ni wingi wa meli: P&O, DFDS na Irish Ferries, zote zinakwenda Calais, mchana na usiku. Ukikwama M25, ile motowei inayozunguka London, ukakosa meli yako, mara nyingi wanakuweka kwenye inayofuata kama kuna nafasi. Huko Portsmouth ukichelewa ya asubuhi unaweza kungoja mpaka jioni au usiku. Na kwa mtu mwenye hofu, dakika tisini ni kunywa chai na kula chipsi tu. Kabla hajaanza kuogopa vizuri, tangazo la kurudi kwenye magari limeshatoka.

#3 MamaWawili_Soton
DerevaWaLori, wewe unalipwa kuendesha. Dada huyu analipa.

BintiMkoani, tazama kilomita. Calais mpaka Saint-Jean-de-Monts ni kama 660. Meli za Portsmouth zinakwenda Caen (zinafunga gati Ouistreham) na Saint-Malo. Kutoka Caen ni kama 370. Kutoka Saint-Malo ni kama 250 tu. Na wewe Leicester hadi Portsmouth ni karibu zaidi kuliko Leicester hadi Dover, tena hugusi M25 wala kivuko cha Dartford. Sasa hizo kilomita karibu 300 unazookoa upande wa pili, na mtoto wa miaka mitatu kwenye kiti, ni mchana mzima wa "tumefika?"

Jambo jingine watu hawalihesabu: ushuru wa barabara. Kutoka Calais kushuka utalipa vipande kadhaa, A16 na A13. Kutoka Caen kuna A84 mpaka Rennes, bure. Rennes mpaka Nantes bure. Barabara za Brittany hazina vibanda vya kulipia. Kwa hiyo ukiona tiketi ya Dover ni rahisi, ongeza mafuta, ongeza ushuru, ongeza hoteli ya kulala njiani, ndipo ulinganishe.

#4 Kipanga_Slough
Mbona hamtaji handaki la treni? Folkestone mpaka Coquelles dakika 35, unabaki ndani ya gari lako, hakuna wimbi, hakuna kutapika. Bibi anayeogopa meli, mpeleke kwa treni. Tatizo limekwisha.

#5 BintiMkoani
Kipanga, nilimpigia mama nikamweleza. Akauliza: "Kwa hiyo tunapita chini ya bahari?" Nikamwambia ndiyo. Akasema bora juu, angalau juu mtu anaogelea. Handaki limetoka.

MamaWawili, shukrani sana kwa kilomita. Nimemsomea mume wangu, amenyamaza.

#6 MzeeWaHull
Salaam wote. Hakuna feri ya kistaarabu kama ya Hull kwenda Rotterdam. Jioni unapanda, kila familia na kabini yake, unakula, unalala, asubuhi upo Uholanzi umeoga. Wajukuu wangu hawataki njia nyingine. Na kule kuna Efteling, bustani ya michezo ya watoto iliyofunguliwa mwaka 1952, ina msitu wa hadithi za kale. Achaneni na mahema, nendeni Efteling.

#7 Nyota_Coventry
Mzee wetu, kila uzi wa safari unatupeleka Hull. Hata yule aliyeuliza ndege ya kwenda Mwanza ulimwambia apitie Hull 😂

#8 MzeeWaHull
Na angepitia Hull angefurahi.

#9 MamaWawili_Soton
Mzee kabini za Hull ni nzuri, hilo halina ubishi. Lakini meli inakushusha Europoort, mbali na mji wenyewe, na kutoka hapo mpaka Vendée ni zaidi ya kilomita 800. Kwa anayekwenda Uholanzi, Ubelgiji au Ujerumani, na anaishi kaskazini, hiyo ndiyo njia. Kwa huyu dada haifai.

#10 Mdau_wa_Viza
Naona mnashindana kuhusu meli na hakuna aliyeuliza swali la kwanza: bibi ana pasipoti gani? Kama ni ya Tanzania, viza ya Uingereza haimuingizi Ufaransa. Anahitaji viza ya Schengen, ile moja inayotumika kwa nchi nyingi za Ulaya. Na hapa ndipo familia nyingi huumia: mgeni aliyekuja Uingereza kutembea kwa kawaida hapokelewi ombi lake hapa, anatakiwa kuomba katika nchi anayoishi. Kwa hiyo aombe huko huko nyumbani kabla hajapanda ndege ya kuja kwenu.

Mpangilio uwe hivi: apate kwanza viza ya Uingereza, pasipoti irudi mkononi, ndipo iende kwa Wafaransa. Haiwezi kuwa sehemu mbili kwa wakati mmoja. Ombi linafunguliwa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na lisipelekwe chini ya siku 15. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Ambatanisha tiketi ya feri, nafasi ya kambi, bima ya safari, na barua yenu ya mwaliko.

Ninyi wenye pasipoti za Uingereza pia msilale. Siku ya kuingia isiwe imepita miaka 10 tangu kutolewa, na iwe na uhai wa miezi mitatu baada ya siku ya kutoka. Za watoto zinadumu miaka mitano tu, kaziangalieni leo.

#11 BintiMkoani
Mdau, Mungu akulipe. Viza ya Uingereza amepata wiki iliyopita. Hii ya Schengen tulikuwa tunasema "ataiombea akifika huku". Kesho asubuhi kaka yangu anaanza kushughulikia. Ina maana tiketi ya feri lazima niikate mapema, na mimi bado sijajua ya wapi!

#12 Mdau_wa_Viza
Kata inayoweza kubadilishwa au kurudishiwa pesa, hata kama ni ghali kidogo. Usikate ile ya bei ya chini isiyorudi kabla viza haijatoka.

Mzee wa Hull, na kwako nyongeza: mwenye viza ya Ufaransa anaweza kuingilia Uholanzi bila tatizo mradi sehemu kubwa ya safari iwe Ufaransa. Lakini ukimgeuzia bibi safari nzima iwe Efteling, viza ilitakiwa iombwe kwa Waholanzi.

#13 MzeeWaHull
Sawa, nimeelewa. Basi Efteling mwakani.

#14 Mswahili_Reading
Hamjambo wote, Mkenya hapa. Mbona kila mtu anairuka Newhaven? Newhaven hadi Dieppe ni saa nne, meli mbili tu, Seven Sisters na Côte d'Albâtre, bandari ndogo, hakuna msongamano. Unashuka Dieppe, mji wenyewe uko hapo mbele yako na soko la Jumamosi ni la kupendeza sana. Sisi na watoto tulipenda kwa sababu saa nne zinatosha kula na kulala kidogo, si kama Dover ambapo hata hujakaa vizuri. Bei yake pia mara nyingi iko chini ya Portsmouth.

#15 MamaWawili_Soton
Dieppe naipenda, lakini bado yuko upande wa mashariki. Dieppe hadi kambini kwake ni kama 540. Ni katikati ya Dover na Caen kwa kila kitu: kwa bei, kwa muda, kwa umbali.

#16 Mswahili_Reading
Ndiyo maana naisifu. Si kila mtu anataka kulala baharini, si kila mtu anataka foleni ya Dover.

#17 Nyota_Coventry
Hiyo foleni ya Dover, mwenye kujua anieleze inasababishwa na nini hasa? Kuna mwaka tulikaa kwenye gari tangu alfajiri mpaka adhuhuri, watoto wanalia, choo hakuna. Mume wangu analaumu Brexit, Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya. Kila mtu ana lake.

#18 Mdau_wa_Viza
Mumeo ana hoja. Kuanzia Januari 2021 kila pasipoti ya Uingereza ikawa inakaguliwa na kupigwa muhuri kama ya mgeni yeyote. Sekunde chache kwa mtu, zidisha kwa maelfu ya magari. Na tangu 12 Oktoba 2025 kuna mfumo mpya wa Ulaya unaosajili picha ya uso na alama za vidole, ulianza kwa hatua. Watoto chini ya miaka 12 hawachukuliwi vidole. Mwenye viza ya Schengen vidole vyake vilishachukuliwa wakati wa kuomba.

#19 DerevaWaLori
Brexit imezidisha, haikuanzisha. Foleni za Dover zilikuwepo hata kabla. Sababu ni eneo. Bandari imebanwa kati ya jabali na bahari, haina pa kupanuka. Halafu kwa mkataba wa Le Touquet wa 2003, askari wa mpaka wa Ufaransa wanakukagua hapo hapo Dover kabla hujapanda. Kwa hiyo ukaguzi wa nchi mbili umesongamana kwenye kiwanja kimoja kidogo. Portsmouth au Newhaven Wafaransa wanakukagua ukishuka upande wao, gari zinatoka kidogo kidogo.

#20 Kipanga_Slough
Mnasahau Jumamosi. Kambi nyingi za Ufaransa zinabadilisha wageni Jumamosi. Shule zinafungwa karibu siku moja, halafu nchi nzima inaelekea Kent, mkoa wenye Dover, asubuhi moja. Ondoka Jumatano uone kama kuna foleni.

#21 Nyota_Coventry
Sisi tuliondoka Jumatatu na bado tulikaa!

#22 DerevaWaLori
Basi hiyo siku handaki lilikuwa na hitilafu. Likikohoa, malori yote yanageukia bandarini. Hata Julai 2022, ile siku kubwa, bandari ililaumu vibanda vya Wafaransa kutokuwa na askari wa kutosha, na upande wa Ufaransa ukasema hitilafu ndani ya handaki ndiyo iliyowachelewesha askari wao kufika. Mpaka leo kila upande una maelezo yake.

#23 Tumbatu_Cardiff
BintiMkoani, nimesoma uzi wote na naona watu wanajibu kuhusu barabara, mama wamemsahau. Mimi nimekulia kwenye bahari na nimevusha wazee wangu huku. Naomba nikwambie kuhusu bahari yenyewe.

Channel Agosti mara nyingi imetulia, lakini upepo wa magharibi ukivuma kinyume na mkondo wa maji, wimbi linakuwa fupi na limesimama wima, linagonga. Mtu aliyezoea mkondo wa Nungwi wakati wa kusi atalitambua. Tofauti ni chombo. Hizi ni meli kubwa, zina mapezi ubavuni chini ya maji yanayozuia kuyumba. Hatalewa bahari kama kwenye boti ndogo.

Mkalishe katikati ya meli, deki ya chini kadiri abiria wanavyoruhusiwa, kwenye dirisha aone upeo. Mbele kabisa kunapanda na kushuka sana, watu wanapapenda kwa mandhari halafu wanajuta. Asipande na tumbo tupu. Tangawizi inasaidia. Kama anakunywa dawa za presha, muulizeni mfamasia kabla hamjampa kidonge chochote cha kuzuia kutapika.

#24 DerevaWaLori
Kwa hili la mawimbi, naomba nitofautiane kidogo na Tumbatu. Kinachomlewesha mtu si ukubwa wa wimbi, ni muda. Nimeona watu wazima wamemaliza Dover wakicheka siku ya upepo, na watu hao hao wamelala sakafuni kwenye meli ya Santander, Hispania, huko Ghuba ya Biscay. Ndiyo maana nasema njia fupi.

#25 MamaWawili_Soton
Na mimi nasema ni usiku. Aliyelala chali kabinini, taa imezimwa, mwili umetulia, hajui kama meli ipo gatini au katikati ya bahari. Shangazi yangu alilala Portsmouth akaamka Ouistreham, akatuuliza tunaondoka saa ngapi. Meli ya usiku ya Caen kwa kawaida inaondoka karibu saa tano usiku na kufika karibu saa moja asubuhi kwa saa za Ufaransa, ambazo zipo mbele kwa saa moja. Usingizi ni mfupi, hilo nakubali. Ya Saint-Malo inaondoka mapema zaidi jioni na usiku wake ni mrefu, mnalala vizuri.

#26 Tumbatu_Cardiff
Sikio, macho na tumbo, kila mmoja ana lake. Kuna wanaolewa wakiona bahari, kuna wanaolewa wasipoiona. Muulize mama mwenyewe enzi zake alipokuwa anasafiri alikuwa anakaa wapi.

Ila hofu yake si ya kulewa. Hofu yake ni ya kuzama, na mtu wa Pemba ana haki ya kuogopa. Sisi tumezika. Kabla ya Spice Islander, MV Bukoba mwaka 1996, baada yake Skagit 2012, kisha MV Nyerere 2018. Usimwambie "hakuna kitu mama". Mwambie kinachofanyika tofauti.

#27 DerevaWaLori
Hapo Tumbatu umenena. Na huku pia wamezika. Tarehe 6 Machi 1987 Herald of Free Enterprise ilitoka Zeebrugge kuja Dover mlango wa mbele ukiwa wazi. Maji yakaingia kwenye deki ya magari, meli ikalala ubavu ndani ya dakika chache. Watu 193 walikufa. Mwaka 1994 kule Baltiki meli iitwayo Estonia iling'olewa mlango wa mbele na mawimbi, wakafa 852.

Lakini baada ya hapo mambo yalibadilika. Nahodha sasa ana taa na kamera zinazomwonyesha milango imefungwa kabla hajatoka. Baada ya Estonia zikaja kanuni kwamba feri za Ulaya kaskazini zihimili maji hata yakiingia deki ya magari. Na idadi ya abiria: kila jina linaandikwa, tiketi zikifika kikomo hakuna anayepanda kwa kumpa mtu chochote mkononi. Mpeleke mama akaone wanavyohesabu. Hilo pekee lilimtuliza mama mkwe wangu.

#28 BintiMkoani
Nimelisoma hili peke yangu kwanza, kisha nikampigia nikamsomea taratibu. Kuhusu Herald hakujua. Alinyamaza, akasema "innalillahi". Halafu akauliza kama majaketi ya kuokolea yanatosha watu wote na kama watoto wana yao. Nikamwambia nitauliza. Enzi zake anasema alikuwa anakaa nje, upande wa nyuma, akitazama walikotoka.

#29 DerevaWaLori
Yanatosha, na ya watoto yapo. Mkipanda, waulizeni wahudumu wamwonyeshe yalipo na sehemu yenu ya kukusanyikia, wanafanya bila kinyongo. Kwenye kabini kuna mchoro ukutani nyuma ya mlango.

#30 ShangaziBristol
Magoti ya bibi yakoje? Hakuna aliyeuliza. Deki ya magari ina ngazi za chuma zilizosimama, na meli ikishaondoka hairuhusiwi kurudi kwenye gari. Wakati wa kukata tiketi, andika kwamba una mzee asiyepanda ngazi. Siku ya safari waambie tena kwenye kibanda cha kuingilia, washa taa za hatari wakisema, watakuegesha karibu na lifti. Dawa zake, nguo ya baridi, nepi za mdogo na mswala viwe kwenye begi la mkononi, si kwenye buti.

Mimi kwa hili nipo na Portsmouth. Saa sita melini mzee anaweza kulala, kunyoosha miguu, kuswali kwa utulivu. Kwenye meli fupi kila kitu ni mbio.

#31 Kipanga_Slough
Nami nina sababu nyingine kabisa ya kuchagua. Tarehe 17 Machi 2022 P&O Ferries iliwafuta kazi mabaharia karibu 800 siku moja, kwa ujumbe wa video, ikaleta watu wa wakala wa bei nafuu. Tangu siku hiyo mimi nalipia kampuni nyingine. Pesa yangu, dhamira yangu.

#32 MzeeWaHull
Kijana, wapo waliobaki na waliokuja baadaye, nao wana watoto wa kulisha. Hao mabaharia wapya wa Hull ni watu wema. Ukisusa meli unamsusa nani?

#33 Kipanga_Slough
Mzee, nakuheshimu, lakini tusiposusa watarudia. Sheria ya mishahara ya mabaharia ya 2023 ilikuja kwa sababu watu walipiga kelele.

#34 MamaWawili_Soton
Mkitaka kampuni yenye historia nzuri, Brittany Ferries, wenye hizi meli za Portsmouth, ilianzishwa na wakulima. Kweli kabisa. Wakulima wa Brittany wakiongozwa na Alexis Gourvennec walitaka kuuza koliflawa na artichoki Uingereza, hawakupata meli, wakaanzisha yao. Januari 1973 meli ya kwanza, Kerisnel, ilitoka Roscoff kwenda Plymouth na malori ya mboga. Abiria walikuja baadaye. Hebu fikiria ushirika wa wakulima wa karafuu Pemba wakamiliki meli zao wenyewe!

#35 Tumbatu_Cardiff
Umenigusa penyewe. Tungekuwa mbali.

#36 Nyota_Coventry
Turudi kwa msafiri. BintiMkoani, chakula. Najua utataka kukaanga sambusa za kutosha wiki nzima. Tangu 2021 huruhusiwi kuingiza nyama wala maziwa Ulaya kutoka huku, hata kidogo cha kula njiani. Mandazi na mkate sawa. Sambusa za nyama hapana. Za samaki zinakubalika. Maziwa ya unga ya mtoto mchanga yanaruhusiwa hadi kilo mbili. Wakati wa kurudi, tangu 12 Aprili 2025 Uingereza nayo imezuia watu kuleta nyama ya ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe, pamoja na jibini na maziwa kutoka Ulaya, kwa sababu ya ugonjwa wa miguu na midomo wa mifugo. Kwa hiyo jibini mle huko huko.

Nyama ya halali Nantes ipo, ni mji mkubwa. Pwani kule pana samaki na chaza wengi, mtapika wenyewe.

#37 BintiMkoani
Sambusa za samaki! Mama atafurahi, ndizo zake.

Na gari? Mume wangu hajawahi kuendesha upande wa kulia.

#38 DerevaWaLori
Kibandiko cha UK nyuma (GB hakitumiki tangu Septemba 2021), pembetatu ya tahadhari, vizibao vya kuakisi mwanga ndani ya gari na si kwenye buti, na vibandiko vya taa za mbele visimulike wanaokuja. Watoto chini ya miaka 10 wakae nyuma. Motowei ni kilomita 130 kwa saa, mvua ikinyesha 110. Kwenye kipilefti unaingia kwa kulia na unampisha aliye ndani, anayekuja kutoka kushoto kwako. Hatari kubwa haipo motowei, ipo ukitoka kituo cha mafuta asubuhi barabara tupu. Hapo mkono unarudi kushoto wenyewe.

Mkipita A13, vibanda vya kulipia vimeondolewa. Kamera inapiga namba ya gari na unatakiwa kulipa mtandaoni ndani ya saa 72. Watu wengi wanaona barabara haina kizuizi, wanadhani ni bure, faini inawafuata nyumbani.

#39 MamaWawili_Soton
Na hapo ndipo nasema tena: Caen au Saint-Malo, A13 haimhusu.

#40 DerevaWaLori
Nilijua utarudi na hilo. Lakini niulize: akikosa usingizi kwenye hiyo meli ya Caen, mume asiyezoea upande wa kulia anatoka bandarini saa moja asubuhi, macho mekundu, kilomita 370 mbele yake na watoto nyuma. Hiyo ni salama? Dover ya saa tatu asubuhi, amelala vizuri nyumbani kwa jamaa Kent usiku uliotangulia, anaanza polepole, analala njiani Rouen. Siku mbili, hakuna haraka.

#41 ShangaziBristol
Dereva hapo ana hoja, ila jibu lake ni Saint-Malo. Usiku mrefu, barabara fupi.

#42 Mswahili_Reading
Jibu lake ni ile ya mchana ya Caen. Saa sita, bibi anaona bahari kwa mwanga, watoto wanacheza, mnafika jioni, mnalala Ouistreham. Asubuhi mnaanza mkiwa wazima. Usiku mtu mwenye hofu anasikia kila mlio wa injini.

#43 MzeeWaHull
Nami sisemi kitu.

#44 Nyota_Coventry
Mzee kakomaa leo.

#45 BintiMkoani
Wapendwa, tumekaa jana usiku na mume wangu. Dover ameiacha mwenyewe baada ya kujumlisha mafuta, ushuru na hoteli, ingawa bado anasema akipata ya bei ndogo katikati ya wiki atanirudia. Tumebaki na mbili: Saint-Malo ya usiku, au Caen ya mchana. Saint-Malo kabini ya watu sita haipo, inabidi tuchukue mbili, na bei inapanda. Mama nimempa nafasi ya kuchagua. Kwanza alisema usiku, asione chochote. Leo asubuhi amepiga simu mwenyewe, anasema la, anataka mchana, akae nje nyuma aone. Kesho sijui atasema nini. Karatasi za Schengen zimeshajazwa, miadi inasubiriwa.

#46 Tumbatu_Cardiff
Mwache abadilike mpaka siku ya kulipa. Mtu anayejadili pa kukaa ameshapanda.

#47 ShangaziBristol
Kabla hujalipa, mambo mawili. Majina yote yaandikwe kama yalivyo kwenye pasipoti, hasa la mama, maana majina yetu matatu mara nyingi hugeuzwa na viza itafuata pasipoti. La pili, kama mtaweka boksi la mizigo juu ya gari, pima urefu wa gari kwenda juu likiwa na boksi na uandike huo. Ukiandika urefu wa gari tupu, unafika kwenye kibanda wanakuambia ulipe tofauti au wanakuhamishia mstari wa magari marefu ikiwa nafasi ipo.

#48 BintiMkoani
Boksi tunaazima kwa jirani. Natuma mtu akalipime sasa hivi.